Upande wa Mama

Juzi nilipanda Dundori kuchukua mashine ya Baba. Mama ndiye aliyenituma. Kama uliwahi kukaa huko juu, unaijua hali ya mwezi wa saba: ukungu unalala juu ya viazi mpaka saa nne asubuhi, ng'ombe wa jirani unamsikia kabla hujamwona, na gambuti zinabeba matope mpaka unachoka kuinua miguu. Baba tulikuwa tumemzika wiki chache kabla. Nyumba ilikuwa baridi, ikinuka moshi wa zamani na mbao zilizoloa. Mashine ilikuwa mahali pake juu ya meza ndefu ya sebuleni, na spika yake moja kando, upande wa kushoto. Upande wa kulia wa meza palikuwa patupu.

Nilidhani nitaingia, nibebe, nitoke. Badala yake niliketi kwenye benchi nikalia kama mtoto. Hata siku ya mazishi sikulia hivyo. Acha nikueleze kwa nini chombo cha kupigia muziki kilinimaliza nguvu namna hiyo.

Baba alikuwa dereva wa lori la maziwa. Alfajiri alikusanya mitungi ya wakulima wa kwetu, akashuka nayo hadi Nakuru mjini, na siku nyingine akapitiliza hadi Rongai. Mama alikuwa mkulima. Shamba letu lilikuwa kipande chembamba cha shamba la mzungu la zamani, moja ya yale ambayo wazee walinunua kwa pamoja wakagawana; viazi juu, kabeji katikati, majani ya ng'ombe chini karibu na mto. Tuliishi na Shosho, mama yake Baba, ambaye ulimi wake haukujua likizo. Mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee, jambo ambalo Shosho alilitaja kila alipopata nafasi.

Kabla stima haijafika tulikuwa na redio ndogo ya betri. Betri zikichoka tulizianika juu ya banda la kuku zipate jua, na wewe unajua jua la Dundori ni la kubahatisha. Redio hiyo ilikoroma kama mtu mwenye kifua kibaya. Habari zilitufikia nusu, nusu nyingine kila mtu akajijazia kwa akili zake. Shosho alijijazia vizuri kuliko wote, na mara nyingi habari zake zilikuwa tamu kuliko zile za mtangazaji.

Stima ilipofika, jirani alikimbilia televisheni. Baba akasema yeye hataki. Kutwa nzima anaangalia barabara, macho yamechoka, anachotaka ni kusikia. Mama akakubali, tena akasema atatoa nusu kutokana na viazi vyake, na akatoa. Hilo lilijulikana na kila mtu, maana Mama hakuwa mtu wa kuficha alichochangia.

Basi tukashuka mjini sisi watatu, tumevaa nguo za kanisa ingawa ilikuwa Jumamosi. Duka lilikuwa kwenye kichochoro nyuma ya soko, limejaa redio, pasi na feni mpaka mlangoni. Muuzaji alikuwa kijana mwenye maneno mengi.

"Boss, chukua hii ya spika tano. Ina mataa, na ikilia, hata mifupa inaskia!"

Akaiwasha. Mataa ya kijani na nyekundu yakakimbizana, vioo vya kabati vikatetemeka. Baba aliipenda, nilimwona usoni. Mama alikuwa ameziba masikio.

"Hii inapiga kelele tu," akasema. "Na ile iko hapo chini ni nini?"

Chini ya meza kulikuwa na mashine pana ya rangi ya fedha, nzito, ya mtumba kutoka ng'ambo. Haikuwa na mbwembwe yoyote. Kijitaa kimoja chekundu, mstari wa namba za stesheni, mahali pa kaseti, na spika mbili za mbao. Muuzaji aliiita risiva, akasema ni ya wazee, haitembei sokoni. Lakini aliunganisha nyaya, akatia kaseti ya bendi ya zamani ya magitaa, akasukuma stuli katikati ya spika.

"Mathe, keti hapo katikati uskie."

Mama aliketi, mkoba mapajani, akafunga macho. Baada ya muda kidogo akaanza kucheka. Akainua mkono wa kushoto. "Mwenye gitaa amekaa huku." Akainua wa kulia. "Na mwenye kuimba amesimama hapa, karibu na mlango. Mzee wangu, kuja uskie hii maajabu!"

Baba akaketi naye, watu wazima wawili kwenye stuli ya mtu mmoja, na mimi nikaona aibu mbele ya yule kijana. Ni kweli ilikuwa maajabu. Ile bendi ilirekodiwa kizamani, gitaa limewekwa upande wake na mwimbaji upande wake, kana kwamba waligombana wakatenganishwa. Hivyo ndivyo tulivyoichagua mashine. Mama ndiye aliyechagua, Baba akafuata masikio ya Mama.

Nyumbani Baba alipanga sebule upya. Spika moja huku, nyingine kule, mashine katikati, na mbele yake benchi. Shosho akasimama mlangoni akatazama. "Mmepanga nyumba kama korti," akasema. "Mimi nitakaa wapi? Kwa washtakiwa?"

Mama alifuma vitambaa vyeupe kufunika vyote, kama ilivyokuwa heshima ya kila sebule ya kwetu. Baba akakataa mashine kufunikwa kwa sababu inapata joto na inataka kupumua. Wakabishana siku nzima, mwishowe wakaelewana kwamba spika zipate vitambaa na mashine ibaki uchi. Paka naye aligundua lile joto, akahamia juu ya mashine, na huyo hakuna aliyemfukuza.

Jumapili baada ya kanisa nyumba ilijaa. Majirani walikuja kwa mukimo na chai ya maziwa mengi, lakini walichofuata hasa ni kukaa katikati ya benchi, mmoja mmoja kwa zamu, kama watu wanaopimwa macho. Mtu akisikia gitaa kushoto na mwimbaji kulia anageuza kichwa kumtafuta, na wote tunacheka. Jioni za siku za kazi benchi ilikuwa ya wawili tu. Baba alikaa kushoto, miguu ndani ya beseni la maji moto. Mama alikaa kulia, akichambua maharagwe ya kesho. Mimi nilikuwa nyuma yao kwenye mkeka na vitabu vyangu, nikitazama vile vichwa viwili. Nikikuambia nilikuwa na utoto mzuri, ni hizo jioni ninazozisema. Sina zingine.

Sasa nikukumbushe kipindi cha salamu. Ulinunua kadi, ukaandika jina lako na majina ya unaowasalimia, ukapeleka, halafu ukakaa kando ya redio Jumapili mchana ukingoja mtangazaji akusome. Watu walijiunga katika vikundi vya salamu, wakajipa majina makubwa. Kwetu hakuna aliyekosa kipindi hicho, na tangu mashine ije, nusu ya kijiji ilikisikiliza sebuleni mwetu.

Jumapili moja mtangazaji alisoma, kwa ile sauti yake ya asali, kwamba salamu zifuatazo zinatoka kwa mama fulani wa Rongai, zimfikie mpenzi wake, dereva wa lori la maziwa, popote alipo kazini. Akataja jina la Baba, majina yote matatu. Akaongeza kwamba mtoto ameanza kutembea, na baba mtoto asisahau ile dawa ya kikohozi.

Ingekuwa redio yetu ya zamani, mtu angekohoa, mwingine angeuliza "wamesema nani?", Shosho angejaza jina la mtu mwingine kabisa, na jambo lingepita. Mashine ile ilisema kila neno, kushoto na kulia, wazi kama mtu aliyesimama chumbani. Majirani wakachungulia vikombe vyao. Mzee jirani, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa wazee wa kijiji, akasema chai ina tangawizi nyingi leo, akatafuta kofia yake. Mama aliinuka akazima. Hakupiga kelele. Alichukua ndoo akaenda kukama ng'ombe ambao saa yao ya kukamwa haikuwa imefika.

Yule mwanamke sidhani alikuwa na nia mbaya. Baba alikuwa akimwambia Jumapili yuko barabarani, naye akaamini kwamba salamu zitamkuta peke yake ndani ya lori. Hakujua kwamba Baba ana mke. Hilo tulilijua baadaye, wakati halikuwa tena na msaada. Nyumba ya Rongai nayo haikudumu; aliposikia ukweli alifunga mlango, na baadaye akaolewa na mtu mwingine aliyemlea yule mtoto kama wake.

Mama alisema anaondoka na anataka alichochangia. Wazee wakaitwa. Waligawa ng'ombe bila shida, wakagawa sufuria na blanketi, wakafika kwenye mashine. Mama akasema, "Nusu ya hiyo ni yangu." Mzee jirani alikuwa amekunywa chai mbele ya ile mashine Jumapili nyingi, lakini redio aliyoijua maishani mwake ilikuwa sanduku linalosema. Hapa aliona masanduku mawili, na yote yanasema. Akafurahi kuona kazi imekuwa nyepesi.

"Mbona hii ni rahisi? Redio ni mbili. Kila mtu achukue yake. Hiyo ya katikati ni mambo ya stima, inabaki na nyumba."

Wazee wenzake wakaitikia. Waliiona kama mita ya stima.

Baba alijua kwamba spika bila mashine ni ubao tu. Mama alijua. Nilimwangalia huyu, nikamwangalia yule, nikingoja mmoja wao aseme kwamba kitu hiki hakigawanyiki. Mimi nilikuwa mtoto, na mtoto hasemi mbele ya wazee. Naamini mpaka leo kwamba kama mmoja wao angelitamka hilo, mengine yote yangezungumzwa siku hiyo hiyo. Hawakutamka. Mama alichomoa waya wa spika ya kulia kwa mkono wake mwenyewe, akaukunja vizuri, akautia mfukoni mwa aproni.

Wazazi wa Mama walikuwa wamekufa, na kaka zake wamegawana shamba hadi mlangoni. Kwa hiyo hakurudi kwao. Alipanga chumba Kiamunyi, pembeni mwa mji wa Nakuru, enzi zile Kiamunyi bado ni mahindi na nyumba moja moja, akawa anauza viazi na sukuma kando ya barabara, nami nikaenda naye. Na hapo ndipo mambo yalipokwama. Kwetu mke akikasirika akarudi kwao, njia ya kumrudisha inajulikana na kila mtu. Mume anakwenda na wazee wake, wamebeba sukari na soda, wanaketi kwa wakwe, anakemewa mpaka jasho limtoke, anatoa mbuzi, na jioni anatoka na mkewe. Lakini wazee hawaendi kwenye chumba cha kupanga. Niliporudi Dundori likizo ya kwanza nilimsikia Baba akilizungumzia na Shosho jikoni.

"Tutabisha kwa nani?" Shosho akamwuliza. "Kwa mwenye ploti? Tumpatie yeye mbuzi?"

Baba akawa anangoja Mama aende kwa ndugu yeyote mwenye boma, ili apate lango la kubisha. Mama akawa anangoja Baba aje. Kila mmoja alikuwa na haki yake, na miaka ikapita juu ya hizo haki.

Kiamunyi ile spika ilisimama kwenye kona ya chumba, kitambaa kikiwa juu yake. Wageni waliuliza ni ya nini. "Ni ya redio," Mama akajibu. Wakiuliza redio iko wapi, alisema, "Iko."

Likizo nilipanda Dundori. Shosho alifariki nikiwa sekondari, na tangu hapo Baba alibaki peke yake. Jioni alitia miguu kwenye beseni, akaketi ncha ya kushoto ya benchi kana kwamba kuna mtu wa kuachiwa nafasi, akaweka kaseti ile ile. Lilitoka gitaa tupu. Mwimbaji alikuwa amekwenda Kiamunyi. Gitaa lilipiga, likanyamaza pale ambapo maneno yalipaswa kuingia, kisha likajibu mtu ambaye hakusema kitu. Ukisikia hivyo jioni moja unaweza kuvumilia. Yeye alisikia hivyo jioni zote.

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa ametueleza kwamba mashine za namna ile huwa na swichi ya kuunganisha pande mbili ziwe moja. Likizo iliyofuata niliitafuta, nikaipata, nikaibonyeza Baba akiwa jikoni anachemsha maziwa. Mwimbaji akarudi nyumbani, amebanana na gitaa ndani ya spika moja. Nilifurahi sana. Baba alikuja mbio.

"Rudisha."

"Lakini Baba, si sasa inaskika yote?"

"Nimesema rudisha. Hiyo ni ya mamako." Aliirudisha yeye mwenyewe, na kule jikoni maziwa yakafurika yakazima moto.

Nilimweleza Mama niliporudi. Alikuwa akitenganisha viazi vikubwa na vidogo.

"Baba bado anasikiza upande mmoja."

"Asikize."

"Kuna swichi ya kuleta zote. Nimemwonyesha, amekataa."

Alitupa kiazi kilichooza kwenye ndoo. "Kichwa ngumu," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nikakua, nikapata kazi mjini, nikaolewa. Kwenye harusi yangu walikaa meza moja wakasalimiana kwa mkono, kama watu wa kanisa moja wasiojuana vizuri. Nikitoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, kila mmoja aliniuliza swali lile lile, "Huko wako aje?", kana kwamba huko kuna watu wengi. Kisha mwaka huu baridi ilimshika Baba kifuani, na hakuinuka. Mama alikuja mazishini. Alikaa na akina mama wa kanisa, nyuma, na kile kiti cha mbele kinachowekewa mjane kilibaki wazi mpaka tukamaliza kufukia.

Basi juzi nikaishusha mashine hadi Kiamunyi. Siku hizi ni magorofa na mageti tupu, na Mama ana kinyumba chake kati yao. Niliunganisha spika zote mbili, ya kushoto na ya kulia, kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu. Kaseti ilikuwa bado ndani. Sauti ilikuwa imechakaa, lakini gitaa likaja kushoto, na kulia mwimbaji akaingia. Nilimtazama Mama nikitaraji atacheka kama alivyocheka dukani. Aliinua mkono.

"Chomoa yangu."

"Ati?"

"Spika yangu. Itoe. Nataka kuskia vile alikuwa anaskia."

Nikachomoa. Mwimbaji akapotea. Mama alivuta kiti karibu, akaweka mikono mapajani, akasikiliza gitaa likipiga, likinyamaza, likijibu, mpaka upande huo wa kaseti ukaisha na kitufe cha kaseti kikaruka chenyewe.

"Kila siku?" akauliza.

"Kila jioni."

"Na uliniambia."

"Nilikuambia, Mama."

"Nilidhani ni kichwa ngumu." Akajifuta uso kwa leso. "Ningeenda mimi," akasema. "Ningepanda tu gari niende."

Ni kweli, angeweza. Kadi za salamu zimekwisha, na wale wazee wamelala wote makaburini, na mahindi ya Kiamunyi hayapo, na shamba la Dundori kaka zake Baba wanalitafutia mnunuzi. Hayo nayasikitikia kama mtu yeyote anavyosikitikia alikokulia, na yanapita. Lakini wale wawili walikuwa hai wote kwa miaka mingi, mwendo mfupi tu kati yao, na hakuna aliyekwenda. Hilo halipiti.